Vibao Themanini na Vitano vya Norris

Kaka yangu Norris Entwistle alipiga magoti maisha yake yote, na hata siku moja sikumwona akisali. Alikuwa fundi wa mazulia. Kama umewahi kukanyaga zulia lolote katika mji wetu wa Crawthwaite, iwe kwa daktari wa meno au kwenye ngazi za nyumba ya mjane yeyote wa mtaa wa kiwandani, basi umekanyaga kazi yake. Magoti yake yalikuwa magumu kama visigino. Mama yetu alikuwa akisema, "Norris wetu ana magoti ya mtakatifu na mdomo wa muuza samaki," nami nilipokuwa mdogo nilidhani zote mbili ni sifa.

Ninaandika haya kwa sababu mazishini hayakusemwa. Mazishini ilisemwa kwamba alikuwa mtu mwema, mchapakazi, aliyependwa na wote. Ni kweli, lakini maneno hayo yangemfaa hata farasi wa muuza maziwa. Norris alikuwa mtu wa chemshabongo. Kila Alhamisi jioni, katika baa iitwayo Mwanakondoo, alishika kipaza sauti akauliza maswali, na nusu ya mji ikakuna vichwa juu ya vikaratasi.

Mimi ni Mmethodisti, na pombe haijapita mdomoni mwangu. Napiga piano katika kanisa letu dogo tangu nikiwa msichana wa shule. Kwa miaka mingi nilimwomba Mungu amlete kaka yangu kwa Mwanakondoo. Naona nilipaswa kufafanua zaidi, kwa maana kanisa na baa vinatazamana, barabara tu ndiyo iko katikati, na sala yangu iliangukia upande wa pili.

Shule hakuipenda. Alisema mwalimu ni mtu anayekuuliza jambo ambalo tayari analijua, na huo ni unafiki. Baadaye yeye mwenyewe akaifanya kazi ileile, tofauti yake ni kwamba majibu mara nyingine hakuyajua. Mke hakuoa. Alimchumbia Sylvia Greenhalgh kwa muda mrefu sana, mpaka Sylvia akaolewa na mtu mwingine kwa uchovu tu, na Norris ndiye aliyewawekea zulia la chumbani kama zawadi. "Sikupunguza hata inchi," aliniambia kwa fahari, kana kwamba hilo ndilo Sylvia alilokuwa akilingoja.

Maswali yake aliyapata chini ya mazulia. Zamani watu wa kwetu walikuwa wakitandika magazeti sakafuni kabla ya kuweka zulia, ili baridi isipande. Norris aking'oa zulia kuukuu, alikuta magazeti hayo yamelala bapa, makavu, na wino wake bado unasomeka. Habari za vita na za bei ya makaa hakuzijali. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa burudani: nani anaimba katika ukumbi gani, nani kavunjika mguu jukwaani, mcheza dansi gani kaolewa na nani. Wenye nyumba walikuwa wakisikia kimya, wakaja kuchungulia.

"Norris, umelala?"

"Nasoma, mama."

"Nakulipa usome?"

"Hunilipi, ndiyo maana nasoma haraka."

Kwa hiyo raundi yake ya sanaa na burudani ilikuwa na harufu ya sakafu. Vijana waliokuja na habari za waimbaji wa juzi walikuta wanaulizwa kwa nini zamani ilikuwa mwiko kupiga mluzi nyuma ya jukwaa. Jibu lake ni kwamba wavuta kamba za mapazia walikuwa mabaharia wa zamani, wakiitana kwa miluzi, na anayepiga mluzi ovyo aweza kuangushiwa mandhari nzima kichwani. Hilo alilisoma chini ya zulia la kinyozi. Aliuliza upinde wa fidla hufungwa nywele za mnyama gani, na watu wakaandika farasi, isipokuwa Horace Duckworth aliyeandika "mke wangu". Horace alikuwa kondakta wa basi, amestaafu, na ndiye rafiki mkubwa wa Norris, yaani mtu aliyemtukana mara nyingi kuliko wengine.

Sasa nije kwenye piano.

Katika baa za kwetu kuna sheria moja ya chemshabongo, na hata asiyejua amri kumi anaijua hiyo: neno la mwenye maswali ni la mwisho. Akisema jua ni la kijani, ni la kijani mpaka baa ifungwe. Bila sheria hiyo watu wangepigana, maana hakuna kiumbe mkali kama mtu mpole aliyenyimwa pointi. Norris alikosea mara nyingi. Aliwahi kusema dansi ya bale ilianzia Urusi, mtu akamwonyesha kwamba ilianzia Italia kwenye majumba ya wakuu, na wiki iliyofuata akasema kwenye kipaza sauti, "Ndugu zangu, Urusi imehamia Italia. Samahani kwa usumbufu." Alirekebisha mengi namna hiyo. Lakini siku alipouliza piano ina vibao vingapi, vyeupe na vyeusi pamoja, akasema themanini na tano, hapo hakurudi nyuma.

Kila mtu aliyegusa piano anajua ni themanini na nane. Imeandikwa kila mahali. Jioni ile alikuwapo mgeni kutoka mji wa jirani, Bwana Aspinall, mtu mwembamba ambaye kazi yake ni kurekebisha sauti za piano. Akasimama na uso mwekundu.

"Themanini na nane, bwana! Mimi natengeneza piano!"

"Na mimi nina kipaza sauti," akasema Norris.

Timu ya Bwana Aspinall ilishindwa kwa pointi moja. Alitoka akiacha pai yake mezani, na Horace akaila kwa heshima. Tangu hapo swali lile likawa desturi. Mara moja kwa mwaka, Alhamisi iliyo karibu na siku yake ya kuzaliwa, Norris aliuliza swali la mwisho la piano, na watu wote wa Mwanakondoo wakaandika 85 kwa mwandiko mkubwa, wakijua ni uongo, wakacheka. Mgeni aliyeandika 88 alijulikana papo hapo kuwa ni mgeni. Walimu wa shule waliandika 85. Daktari aliandika 85. Sylvia Greenhalgh na mume wake waliandika 85.

Mimi peke yangu sikucheka. Norris alikuwa akija kwangu kula kila Jumapili, nyama choma, viazi na mchuzi, na kila mwaka tuligombana juu ya sahani.

"Ni themanini na nane, Norris. Unaniaibisha. Mimi ndiye mpiga piano wa familia hii."

"Ulihesabu?"

"Sihitaji kuhesabu. Ni elimu."

"Mimi nilihesabu," anasema, huku anajimiminia mchuzi. "Siku utakayohesabu wewe, Enid wetu, tutaongea."

Nikiwa nimekasirika, nilimwambia aje kanisani Jumapili anionyeshe. Akasema atakuja siku nitakapopiga nyimbo zenye kuchezeka. Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia kila mara, na pudini ikafuata.

Alikufa mwezi wa kumi, alasiri, kwenye kiti chake, akisikiliza chemshabongo ya redio. Mimi ndiye niliyemkuta. Redio ilikuwa bado inauliza. Mungu amrehemu, uso wake ulikuwa uso wa mtu anayejua jibu na bado hajaitwa.

Baada ya mazishi, Bernie Clegg, mama mwenye baa, alikuja jikoni kwangu. Alikuja na pai, na nyuma ya pai walikuwapo Horace na Gavin Pickup. Gavin ni mpima macho, ana duka la miwani karibu na posta, kijana wa miaka arobaini hivi ambaye mashati yake yote yamepigwa pasi. Bernie alikuwa amempa kipaza sauti cha Norris, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka akiwa hajalewa.

"Enid, kipenzi, pole tena," Bernie akasema. "Hii ni ya nyama na viazi. Itie ovenini, usiipashe kwenye maikrowevu, ganda lake litakuwa mpira."

"Kaeni," nikasema. "Chai iko."

Horace hakukaa. "Mwambie, Bernie. Mwambie huyu kijana anataka kumzika Norris mara ya pili."

"Sitaki kumzika mtu," Gavin akasema. "Bibi Ormerod, Alhamisi tunafanya jioni ya kumkumbuka kaka yako. Watu wanataka swali la piano liwe la mwisho. Nami nitaliuliza, kwa moyo wote. Ila jibu nitakalosoma lazima liwe jibu."

"Kwa Mwanakondoo jibu ni themanini na tano," Horace akasema.

"Bwana Duckworth, mtu akija dukani kwangu akasoma herufi moja kama nyingine, simwambii hewala, basi na iwe hiyo. Nampa miwani."

"Ndiyo maana dukani kwako hakuna anayecheka."

"Wanakuja kuona, hawaji kucheka!"

"Nyamazeni nyote wawili, mko kwenye nyumba ya msiba," Bernie akasema, akachukua biskuti. "Enid, nimechoka nao. Nusu ya baa wanasema tusimguse Norris. Nusu wanasema utani ulikuwa wake, na amekwenda nao, sisi tukiendelea tutakuwa wajinga tu wasiojua piano. Wewe ndiye damu yake. Ukisema themanini na tano, Gavin atasoma themanini na tano. Ukisema themanini na nane, Horace atafunga domo."

"Sitafunga," akasema Horace.

"Atajaribu. Tupe jibu kabla ya Alhamisi."

Wakaondoka, wakaniacha na pai na mzigo.

Mtu atasema, jambo dogo hilo, vibao vitatu vya piano. Lakini fikiria. Norris hakuacha mtoto. Mazulia yake yatang'olewa moja moja, na watu siku hizi wanapenda mbao tupu. Kitu pekee kilichokuwa na jina lake, ambacho mji mzima ulikijua na kukicheka, kilikuwa ule uongo wa themanini na tano. Nikiufuta, nimemfuta. Nikiuacha, mimi ninayefundisha watoto wa shule ya Jumapili kusema kweli hata kama inauma, nitakuwa nimeketi baani na kubariki uongo kwa sababu unanifurahisha. Nilikula pai usiku ule na sikuionja.

Ijumaa nilimwendea Mchungaji Philippa. Ni mwanamke mchangamfu mwenye viatu vya mpira, ambaye hutembelea wagonjwa kwa baiskeli na kufika ameloa kuliko wao.

"Mchungaji," nikasema, "je, ni dhambi kusema piano ina vibao themanini na tano?"

Akaweka kikombe chini. "Nimesoma mambo ya Mungu miaka mitatu, Enid, na hilo halikutoka kwenye mtihani."

Nikamweleza yote. Alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Wewe unajua nini kwa hakika?" akaniuliza.

"Kwamba ni themanini na nane."

"Ulihesabu?"

Katika wanadamu wote, ni wawili tu walioniuliza swali hilo, na mmoja wao nilikuwa nimemzika Jumanne.

"Sijahesabu," nikasema. "Nani huhesabu ngazi za nyumba yake?"

"Labda hesabu," akasema Mchungaji. "Angalau utakuwa na hakika ya kitu kimoja wiki hii. Mimi sina hata hicho."

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yangu ya maua. Niliweka maua, nikafuta vumbi, nikafungua piano. Ni piano ya zamani sana, ya mbao nyeusi, iliyotolewa na mwenye kiwanda mmoja kabla ya babu yangu kuoa. Nilijifunzia hapo, na sijawahi kuwa na piano nyingine. Niliketi nikaanza kutoka kushoto, kibao kwa kibao, kwa kidole kimoja, nikisema namba kwa sauti kama mtoto. Nilipopita themanini na tano, kidole changu kiligonga mbao.

Nikasema, nimeruka. Mtu mwenye msiba huruka. Nikaanza upya, nikahesabu vyeupe kwanza: hamsini. Vyeusi: thelathini na tano. Nikajumlisha kichwani, nikajumlisha kwa vidole, nikajumlisha kwa kusema kwa sauti kubwa mbele ya madhabahu. Themanini na tano.

Upande wa kulia kabisa, mahali ambapo pangekuwa na vile vitatu vya mwisho vinavyolia kama kijiko kwenye glasi, palikuwa na mbao tupu. Nyimbo zetu za kanisa hazipandi huko. Mpigaji wa nyimbo za kanisa hana safari upande ule. Nilikuwa nimeketi pale maisha yangu yote bila kujua kwamba nyumba yangu imepungukiwa vyumba vitatu.

Kisha nikatazama chini, nikaona zulia.

Ni la bluu, na limekatwa kuzunguka miguu ya piano kwa ustadi hata usione mshono. Norris alilitandika ule mwaka Frank, mume wangu, alipokuwa hospitalini, nami nikawa siji kanisani kwa wiki kadhaa. Nilijua kwamba alilitandika, bili ilikuja kwa jina lake, na nusu yake aliisamehe. Ila sikuwahi kumfikiria akiwa mle ndani. Kwangu mimi Norris hakuwahi kuingia kanisani, kama vile mtu aliyekuja kurekebisha bomba hakuja kukutembelea. Na kumbe alingoja gundi ikauke, akaketi kwenye kiti changu, na mtu huyu ambaye hakuweza kuona gazeti bila kulisoma akaona piano, akaihesabu.

Na hilo akanificha. Miaka yote ile, kila Jumapili, na mchuzi mkononi: siku utakayohesabu, tutaongea. Nililia kidogo, sitaki kusema sikulia. Halafu nikasikia nacheka peke yangu kanisani, nikageuka kuona kama kuna mtu.

Alhamisi nilivaa koti langu la mazishi nikavuka barabara. Mwanakondoo ilijaa hadi mlangoni. Hata Bwana Aspinall alikuwapo, yule mrekebishaji wa piano. Alisema amekuja kutoa heshima, lakini nilivyomwona nilijua amekuja kusikia themanini na nane ikisomwa kabla naye hajafa. Bernie aliniwekea limonadi. Gavin alikuwa na shati jipya.

"Bibi Ormerod," akanong'ona, "ni ipi?"

"Themanini na tano," nikasema.

Uso wake ulisawijika, lakini alikuwa mtu wa neno lake. "Sawa. Nitaisoma. Kwa ajili yake."

"Usiisome kwa ajili yake. Isome kwa sababu nimehesabu."

Sijui nilisema kwa sauti gani, ila meza tatu ziligeuka. Horace akasimama. "Umehesabu nini, Enid?"

"Piano ya kanisani."

Bwana Aspinall akafungua kinywa, akakifunga. Mtu wa nyuma akasema, "Masikini, ni majonzi." Mwanamke mwingine akasema, "Mwacheni, mwenzenu kafiwa." Hapo nikakasirika kweli. Nilikuwa nimekuja na ukweli mbichi, nao wananipa pole.

"Basi njooni mhesabu!" nikasema. "Ni hapo tu. Kanisa halijamla mtu."

Kisha Bernie akapiga kengele ya baa. "Mmesikia. Vikombe nje ya geti, kwenye ukuta, na atakayechukua cha mwenzake namjua."

Kwa hiyo baa nzima ikavuka barabara kwenye manyunyu. Kama Mungu anacheka, na mimi naamini anacheka, basi alicheka jioni ile. Vikombe vya bia vilipangwa juu ya ukuta wa kanisa kama ndege kwenye waya. Wanaume ambao niliwasihi kwa miaka waje kwenye ibada ya mavuno walivua kofia na kufuta viatu bila kuambiwa. Mchungaji Philippa alikuwa amekuja kufunga madirisha. Alipoona umati unaingia, uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeona uamsho, mpaka aliposikia harufu.

"Karibuni," akasema. "Kuna nini?"

"Hesabu," nikamwambia. "Ulinituma wewe."

Niliketi. Nikaanza kushoto, kwa kidole kimoja, na baa ikahesabu pamoja nami. Mwanzoni walinong'ona, kwa ajili ya mahali. Kufika ishirini wakawa wanasema. Kufika arobaini walikuwa wanapiga kelele kama uwanja wa mpira, na Horace, ambaye alikuwa ameanza kunywa mapema siku ile, akasema, "Arobaini na tisa! Arobaini na kumi!"

"Hamsini, mjinga wewe!"

"Nilikuwa nawajaribu!"

Tulianza upya. Safari ya pili walihesabu vizuri zaidi kuliko wanakwaya wangu wanavyoimba. Themanini. Themanini na moja. Nilisikia pumzi zikibanwa nyuma yangu. Themanini na tatu. Na nne. Na tano. Kisha kidole changu kikagonga mbao, ko.

Gavin akaja mbele na kitochi chake kidogo cha kumulikia macho. Akamulika mwisho wa piano kama anaimulika mboni. Akahesabu peke yake, midomo ikicheza. Akasimama wima.

"Themanini na tano," akasema.

Kelele zilizofuata sijazisikia kanisani tangu vita viishe, na wakati huo sikuwa nimezaliwa. Horace alimbusu Mchungaji. Katikati ya kelele sauti nyembamba ilikuwa ikisema, "Naam, ndiyo, piano nyingi za zamani zilikuwa hivyo." Alikuwa Bwana Aspinall. "Vile vitatu vya juu viliongezwa baadaye. Kwa kawaida siku hizi ni themanini na nane, lakini za zamani, ndiyo, ni kweli kabisa."

Watu wote wakamgeukia.

"Ulijua?" Bernie akasema. "Ulijua, na hukusema siku ile?"

Bwana Aspinall akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nimekasirika," akasema.

"Na Norris angekubali?" akauliza mtu.

"Norris?" Horace akafuta macho kwa kofia. "Angesema piano zote nyingine zimezidisha."

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Kaka yangu alikosea juu ya piano za dunia nzima akapatia juu ya moja, na hiyo moja ndiyo pekee iliyomhusu.

Tulirudi baani. Vikombe viwili vilikuwa vimejaa mvua, na kimoja kilikuwa hakipo. Gavin alishika kipaza sauti. Alikohoa. Sasa alikuwa na tatizo lake, kwa maana hakutaka kusema uongo na hakutaka kumfuta marehemu, na nilimwona akitafuta njia kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake.

"Swali la mwisho," akasema. "Na litakuwa la mwisho kila mwaka, Alhamisi kama hii. Piano ya Norris Entwistle ina vibao vingapi?"

Kalamu zikaanza kukwaruza. Meza zote zilipata, isipokuwa moja. Meza ya mke wa Gavin iliandika 88. Mama huyo alikuwa amebaki kuwalinda watoto wake na mifuko ya viazi vya kukaanga, hakuvuka barabara.

"Mpenzi," akamwita mumewe kwa sauti, "wewe mwenyewe umenihubiria wiki nzima kwamba ni themanini na nane!"

Baa yote ikamtazama Gavin. Aliona haya mpaka masikioni. Akainua kipaza sauti.

"Neno la mwenye maswali ni la mwisho," akasema. Akamnyima mkewe pointi.

"Amina!" akapiga kelele Horace, na nikasikia mtu mwingine akisema amina kwa nguvu karibu yangu, nikagundua ni mimi.

Jumapili niliwahi kanisani. Kabla ya watu kufika niliinama kuokota karatasi ya nyimbo chini ya piano, na kwa umri wangu kuinama ni kupiga magoti kabisa. Nikajikuta nimeshika ukingo wa lile zulia la bluu, pale lilipokatwa kuuzunguka mguu wa piano. Mkato ule haufanyiki kwa kusimama. Lazima fundi apige magoti, kichwa chini, kwa muda mrefu, mahali palepale. Sijui kama alisema lolote akiwa pale, na Mungu hajaniambia. Lakini najua alihesabu, na alihesabu vizuri. Nikaketi, nikapiga wimbo wa kwanza kwa haraka kidogo kuliko ilivyoandikwa, ili uchezeke.